Maneno ya Wivu ya Kumuaga Bi Haba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Taasisi. Ndugu Mkurugenzi wetu. Wakuu wa idara na wasaidizi wenu. Muuguzi wetu uliyesafiri tangu jana ili uwe nasi. Ndugu watafiti, mafundi wa maabara, madereva na wapishi. Wageni waalikwa wote, mliokaa na mliosimama kule mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha. Na wewe Bi Haba, ambaye leo ni siku yako kama zilivyokuwa siku nyingine nyingi: nawasalimu kwa heshima zote.

Nimesema viti vimekwisha. Nimeliona hilo mara tu nilipoingia, na nimeliona kwa jicho la mtu ambaye mwakani naye atastaafu. Nimejiuliza, je, siku yangu itakapofika, viti vitakwisha? Au itabidi Ndugu Mkurugenzi awaite watu wa ukumbi wa jirani waje kujaza nafasi?

Mkurugenzi alipokuja ofisini kwangu kuniomba nizungumze leo, alisema, “Dada, wewe ndiye unayemjua kuliko sisi sote.”

Nikamwuliza, “Huogopi nitakachosema?”

Akasema, “Sema tu kwa kifupi.”

Basi kama kuna mtu atakayeudhika hapa, namwelekeza kwa Mkurugenzi. Alionywa.

Ndugu zangu, niseme jambo hili mapema, ili asiwepo wa kunong'ona kwenye viti vya nyuma: mimi namwonea wivu mwanamke huyu. Sikuanza leo. Wala si wivu wa kupita, wa mtu kuliona gari la jirani akameza mate kisha akaendelea na safari yake. Ni wivu uliokomaa, wenye ajira ya kudumu, na kwa ninavyoufahamu, wenyewe haustaafu leo pamoja naye.

Tuliajiriwa asubuhi moja. Tulikaa benchi moja pale nje ya ofisi ya utawala, kila mmoja na vyeti vyake kwenye bahasha. Mimi nilikuwa nimepiga pasi hadi soksi. Yeye kamba ya kiatu kimoja ilikuwa imekatika, kakifunga kwa uzi wa kushonea. Tukaitwa, tukaonyeshwa maabara mbili zinazotenganishwa na ukuta wa mbao. Moja ina dirisha linalotazama bustani; nyingine dirisha lake linatazama tangi la maji. Mkurugenzi wa wakati ule akasema, chagueni wenyewe. Nami kwa adabu niliyolelewa nayo nikamwambia mwenzangu, “Chagua wewe, dada.”

Sasa nawauliza nyinyi mliolelewa kama mimi: ukiambiwa hivyo, unajibuje? Si unasema, “Aka, tafadhali, chagua wewe”? Kisha mwenzio naye anasema hapana, nawe unasema hapana, hadi heshima ya pande zote mbili inashiba? Yeye alisema, “Ahsante!” Akaingia kwenye ile ya bustani, akatua mkoba wake mezani. Nami hadi leo nafahamu kila kutu ya lile tangi.

Mtaniwia radhi sasa nieleze kazi yetu, kwa sababu wageni wengine wanajua tu kwamba tunavaa makoti meupe. Kazi yetu ni vifungo. Nilipomweleza mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, kwamba nakwenda kusomea vifungo, alishika kichwa. “Vifungo? Mtoto wa kike unataka kuwa askari jela?” Nikamwambia la, mama, ni vifungo vinavyoshikanisha atomu ndani ya mwili. Akasema, “Hata hivyo.”

Chukueni protini. Misuli ya mkono mnaopigia makofi ni protini, nywele zenu ni protini, na ute wa yai una protini tele. Protini ni mnyororo mrefu, na pete za mnyororo huo zimeshikana kwa vifungo vikali ambavyo huwezi kuvikata kwa kuchemsha maji jikoni. Lakini mnyororo peke yake haufanyi kazi. Ni lazima ujikunje, upate umbo lake, kama nguo iliyokatwa inavyosubiri kushonwa ili iwe shati. Na swali ni hili: ukishajikunja, nini kinaushika usikunjuke?

Mimi nilijibu swali hilo tangu ujana wangu. Nilisema: salfa. Kuna mahali kwenye mnyororo ambapo atomu mbili za salfa zikikutana hushikana kwa kifungo cha kweli, kigumu, kama daraja kati ya upande na upande. Nilisema, ukitaka protini isimame imara, ijengee madaraja ya salfa. Ndipo watafiti chipukizi wakaniita Bi Salfa. Wanadhani sijui kwamba jina hilo lina maana ya pili, kwa kuwa salfa, yaani madini ya kiberiti, nayo inajulikana kwa harufu. Najua. Nimewasikia kupitia ukuta wa mbao.

Yeye alisema si hivyo. Alisema vinavyoshika umbo ni vile vifungo dhaifu, vya haidrojeni, ambavyo kimoja kimoja hakina nguvu hata ya kujitetea; pamoja na chaji zinazovutana, hapa chanya, pale hasi; na maji yaliyoizunguka protini yote, yakiisukuma ijikunje. Kila mwanafunzi akimwuliza, “Lakini kifungo cha haidrojeni si dhaifu?” yeye hujibu, “Haba na haba hujaza kibaba.” Akaitwa Bi Haba. Ona jina lilivyo tamu. Mtu anapewa methali nzima, mimi napewa mawe ya kiberiti.

Ubishi wetu ungebaki wa kwenye chai ya saa nne kama si huyu muuguzi aliyekaa hapa mbele. Alikuja siku moja na chupa za dawa ya sumu ya nyoka, amezifunga kwa kanga ndani ya kapu. Dawa hiyo ni protini. Kazi yake ni kuikamata sumu kwenye damu kabla haijaharibu nyama na mishipa. Friji ya zahanati yake ilikuwa imekufa tena. Akaziweka chupa mezani kwetu, na ndani yake, badala ya dawa angavu kama maji, kulikuwa na utando mweupe.

Akatuuliza, “Hii bado ni dawa?”

Bi Haba akainyanyua chupa kwenye mwanga wa dirisha lake. “Hapana, mama. Imekuwa yai la kuchemsha.”

Muuguzi akasema, “Basi yule mama niliyemdunga juzi, nilimdunga yai.”

Yule mama alikuwa amekatwa mguu.

Siku hiyo Taasisi ilitupa kazi moja sisi wawili, kila mmoja kwa maabara yake na kwa njia yake: tengenezeni protini ndogo ya kukamata sumu, ambayo itakaa kwenye kabati la bati msimu mzima wa joto bila kukunjuka. Mimi nilifurahi. Nilisema moyoni, leo ndipo ulimwengu utajua nani ni nani.

Na hapa, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nimtaje binti yangu. Yupo, amekaa kule upande wa kushoto, na hivi ninavyomtaja anatazama chini. Ni kifungua mimba wangu. Alikulia kwenye korido hizi. Kabla hajajua kusoma alijua kwamba kila chupa ina kizibo chake. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika pipeti, ule mrija wa kupimia vimiminika, kwa maji ya rangi, kwenye meza yangu, nikimsimamia nyuma na mkono wangu juu ya mkono wake. Akasoma, akafaulu, akarudi na shahada yake. Nikamwandalia nafasi. Nilimsafishia meza, nikamnunulia koti jipya, nikalipachika kwenye msumari mlangoni.

Jioni moja tukiwa jikoni, yeye anakata vitunguu, mimi nageuza sufuria, akasema, “Mama, nimeomba nafasi kwa Mama Mkubwa.”

Nikadhani sikusikia. “Mama Mkubwa yupi?”

“Bi Haba.”

Tangu utotoni alikuwa akimwita hivyo, Mama Mkubwa, kwa kuwa amenizidi umri kidogo. Nami nilimwacha aendelee, nikidhani ni adabu tu za mtoto. Siku hiyo ndipo nilipojiuliza: kama yule ni mama mkubwa, basi mimi niliyezaa ni nani humu ndani? Mama mdogo?

Nikamwambia, “Una mama yako mwenye maabara yake, unakwenda kuomba nafasi ukuta wa pili? Watu watasema nini?”

Akaweka kisu chini. “Mama, kwako nikivunja chupa, utasema mwanangu hakulala vizuri. Kwake nikivunja chupa, nimevunja chupa.”

Mume wangu alikuwa mlangoni. Badala ya kunisaidia akasema, “Mtoto kasema kweli.” Nikamwambia aende akasome gazeti lake. Vitunguu vile vilinipa kisingizio kizuri sana jioni ile, nikafuta macho bila kuulizwa.

Nyinyi wenye watoto, nawauliza: mnajua kumsikia mwanao akicheka upande wa pili wa ukuta? Kicheko ulichokilea wewe, ulichokitibu surua na kikohozi, sasa kinachekeshwa na mwingine? Nilikuwa nikipima vimiminika huku sikio moja limebandikwa kwenye mbao. Mezani nyumbani, kila tonge lilikuja na “Bi Haba kasema.” Bi Haba kasema tusiharakishe. Bi Haba kasema kosa zuri lina thamani kuliko jibu bovu. Akaanza hata kuinamisha kichwa kama yeye anapofikiri, upande wa kulia. Hapo awali aliinamisha upande wa kushoto, kama mimi.

Nikafanya kazi kama mtu aliyepandwa na mori. Nilijenga protini yangu kwa madaraja ya salfa, moja baada ya jingine, kila pembe niliyoona inacheza niliifunga. Tukaiweka kwenye beseni la maji moto. Ilisimama! Tukapandisha joto, ikasimama. Wasaidizi wangu wakapiga vigelegele, nami nikahakikisha vinasikika ng'ambo ya ukuta. Kisha tukaiacha ipoe. Na ilipopoa, mbele ya macho yangu, ikaanza kufanya ukungu, kisha mabonge.

Mjue kilichotokea. Salfa haina subira. Nilikuwa nimeweka salfa nyingi mno, na joto lilipozisogeza kidogo, kila moja ilidaka salfa yoyote iliyokuwa karibu. Iliyotakiwa kushika ya kwao ikashika ya jirani. Mnyororo ukafungwa na mnyororo mwingine, na huo na mwingine, mpaka dawa yote ikawa fundo moja. Vifungo vyangu vilikuwa vikali kweli, kama nilivyoahidi. Vilishika. Ila vilishika pasipofaa, na kwa kuwa vilikuwa vikali, havikuachia tena.

Upande wa pili wa ukuta wao walikwenda taratibu. Binti yangu alikuwa akibadilisha kipande kimoja cha mnyororo kwa wakati, hapa anaweka chenye chaji chanya kitazamane na hasi, pale anaongeza mahali haidrojeni itakapopata wa kushikana naye. Vifungo hivyo joto likipanda huachia, hushika tena, huachia, hushika tena. Na kwa kuwa ni vingi, haviachii vyote kwa pamoja. Protini yao ilikuwa haijakamilika, lakini ilipochemka na kupoa, ilirudi ilivyokuwa.

Wahubiri wawili na mshereheshaji mmoja wameniomba nitumie jambo hili kama mfano wa ndoa na undugu. Nimekataa. Atomu hazina wivu, na mimi ninao, hatufanani.

Basi nikakaa ofisini kwangu alasiri moja, nikitazama mabonge yangu, mlango ukabishwa. Akaingia Bi Haba ameshika umbo la protini alilolisuka kwa waya, na nyuma yake binti yangu. Hakunipa pole. Mtu mwingine angenipa pole, nami ningepata sababu nzuri ya kumchukia. Aliniwekea waya ule mezani akasema, “Mwenzangu, mkia wake unalegea. Joto likipanda tu, mkia unafunguka, na ukifunguka unafungulia mengine yote. Vifungo vyangu havitoshi pale. Ungekuwa wewe, ungeweka salfa wapi?”

Niliutazama ule waya. Nikaona mara moja. Sikumficha wala sikumzungusha, na msidhani ni wema. Yalikuwa majivuno matupu. Nikaweka kidole. “Hapa. Na hapa. Daraja moja tu. Ukiongeza la pili utaharibu.”

Bi Haba akamgeukia binti yangu. “Si nilikwambia? Nilikwambia mama yako ataliona kabla hatujakaa.”

Hadi leo sijui kama ile ilikuwa sifa au mtego. Ninachojua ni kwamba binti yangu alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani, alipokuwa bado anashika pipeti kwa mikono miwili. Kwa muda mfupi tu. Kisha wakachukua waya wao, wakaondoka, na nikawasikia wakicheka ng'ambo.

Muuguzi huyu ndiye aliyekaa na chupa za kwanza za dawa hiyo msimu mzima wa joto, kwenye stoo ya bati, bila friji. Alipozirejesha, zilikuwa angavu kama machozi. Vipimo vikafuata, na majaribio, na vibali vyote vinavyotakiwa, na miaka ikapita kwenye hayo. Na ndipo yule ndugu mfyatuaji matofali, aliyekaa pale safu ya pili, simama kidogo ndugu yangu wakuone, ndipo alipoingiza mkono kwenye rundo la matofali yake akaumwa. Alifika zahanati mkono umevimba hadi kwenye bega. Friji, kama kawaida yake, ilikuwa imekufa. Muuguzi akafungua kabati, akatoa chupa ya moto, nasema ya moto kwa jua, akamdunga. Leo amekuja na vidole vyake vyote. Ahsante, kaa ndugu yangu.

Alipoingia ukumbini leo alikwenda moja kwa moja kwa Bi Haba, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa nimesimama kando. Mkono wangu nilikuwa nimeshautoa. Nikaugeuza njiani, nikajikuna sikio.

Na kwenye mkutano mkuu wa watafiti, Bi Haba alipokuwa akieleza kazi ile mbele ya watu, alisimama akasema kwa sauti, “Kifungo cha salfa cha kwenye mkia ni wazo la mwenzangu.” Watu wakanigeukia, wakanipigia makofi. Mnayajua makofi ya adabu? Yale yanayokwisha kabla hujamaliza kutabasamu? Lakini kwa kuwa leo nimepewa kipaza sauti, narudia: ndani ya dawa ile kuna kifungo kimoja cha salfa. Kimoja. Ni changu. Mkikiondoa, mkia unafunguka. Naomba jambo hilo liingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Wiki iliyopita nilimkuta Bi Haba akifungasha vitu vyake. Kama mjuavyo, kustaafu kwake si kwenda kupumzika. Kuna chuo kidogo, mbali, kimemwomba akianzishie maabara, na shemeji yetu, mumewe, ambaye ni seremala, ameshatangulia kupigilia rafu. Nilifunga mlango nyuma yangu. Nilikuwa na maswali mawili niliyokaa nayo muda mrefu, nikaona nisije nikazikwa nayo.

Nikamwuliza la kwanza. “Niambie kweli. Ulimchukua binti yangu ili uniumize?”

Akashangaa. “Nilimchukua kwa sababu aliniuliza jambo nikakosa la kujibu. Wewe ungemwacha?”

Nisingemwacha.

Nikamwuliza la pili. “Miaka yote hii, mwenzangu, wewe hukunionea wivu? Hata siku moja?”

Bi Haba akaacha kufungasha. Akatazama dari. Kichwa akakiinamisha kulia. Akafikiri kwelikweli, kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa tarehe ya jambo la zamani naye hataki kudanganya. Kisha akasema, “Hapana. Ningekuonea, lakini nilikuwa na kazi.”

Mnacheka. Mimi sikucheka. Mngejua uchungu wake! Kumwonea mtu wivu ujana wako wote, ukampamba nao, ukaamka nao, kisha ukagundua kwamba ulikuwa unaipiga ngoma peke yako, mwenzio hata hakujua kuna shughuli. Nilitoka pale nikatembea korido nzima hadi mwisho na kurudi. Na nilipopita mlangoni kwake mara ya pili alinitolea kichwa akaniuliza, “Mwenzangu, hili beseni la maji moto ni langu au ni lako?” Lilikuwa langu. Nikamwambia achukue.

Lakini lililo zito zaidi sijalisema. Bi Haba haendi peke yake. Binti yangu anakwenda naye. Chuo kimempa nafasi ya kufundisha, na Mkurugenzi amesaini ruhusa. Wengi wenu mlilijua hili kabla yangu. Niliona mlivyokuwa mkinikwepa kwenye chai.

Leo asubuhi alikuja chumbani kwangu nikiwa naandika maneno haya. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

“Mama, hotuba yako isiwe na miiba.”

“Nitaitoa ile mirefu.”

Akasema, “Siendi kwa ajili yake, ujue. Kule kuna vijana wanaosoma protini ubaoni tu. Hawajawahi kuiona hata moja ikikunjuka.”

“Na hapa hakuna vijana?”

“Hapa upo wewe,” akasema.

Nikamwuliza jambo la kawaida, kama wazazi tunavyofanya tunapozidiwa. “Mnasafiri na nini?”

“Na lori la Taasisi.”

“Lori? Na ile mashine yenu ya kupimia jinsi protini inavyofunguka kwa joto? Lori hilo, kwa barabara ile, na dereva wetu ambaye anadhani tuta ni mzaha?”

Madereva mniwie radhi. Akaniambia hawana namna nyingine. Nikarudi kwenye karatasi yangu, lakini sikuandika tena.

Bi Haba, simama mwenzangu, nikutazame. Nimekuonea wivu wa dirisha, wa jina, wa viti hivi, na wa mikono ya ndugu mfyatuaji. Yote hayo nakuachia, nenda nayo. La binti yangu sikuachii. Umemfanya mtafiti, hilo nalikiri mbele ya Mwenyekiti wa Bodi, na nakushukuru kwa moyo ambao si mweupe sana, lakini ni mzima. Ungemlea vibaya ningekuwa na raha ya kukulaumu. Umemlea vizuri, umeninyima hata hilo.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, lori lako libaki. Jumatatu nitawapeleka mimi, kwa gari langu. Mashine itafungwa kwa mablanketi, itawekwa kiti cha nyuma. Binti yangu atakaa mbele, kando yangu, njia nzima, na njia ni ndefu, namshukuru Mungu kwa urefu wake. Tutazungumza tutakayozungumza. Na wewe Bi Haba, mgeni wetu wa heshima, utakaa nyuma, uishike mashine isiyumbe. Ukichoka, sema. Tutasimama, utanyoosha miguu, utakunywa maji, kisha utarudi huko huko nyuma.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wageni, mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu kuliko nilivyoruhusiwa, na hakuna aliyetoka nje. Nawashukuru sana kwa kunivumilia. Asanteni.